Kikapu cha Nane

Harufu ya karafuu maiti ndiyo iliyonirudisha Kyambogo. Siku aliyofariki Mama nilikuwa nimekaa barazani kwangu Ntinda, nikipanga vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyeniomba nivipange, huku wanawake wa kuosha wakiwa naye chumbani. Hajati aliyeongoza kazi hiyo akatoka, amebeba kitambaa cheupe kilichokunjwa, kimeingia umanjano kwenye mikunjo. Alikuwa amekitoa chini kabisa ya sanduku la Mama, chini ya kanga za harusi na cheti changu cha shule. Harufu ilinifikia kabla yake.

"Mwanangu," alisema, "mama yako aliweka sanda, Mungu amrehemu. Lakini hii si yake. Hii ni shuka tatu tupu. Mwanamke anavikwa vipande vitano. Hii imekatwa kwa ajili ya mwanamume."

Mama hakuzaa mtoto wa kiume, na ndugu zake wote walikuwa wameshatangulia. Aliyejibu ni Nnalongo, jirani yetu wa zamani, kikongwe aliyeletwa na mjukuu wake asubuhi ile. Nnalongo ndivyo Waganda wanavyomwita mama aliyezaa mapacha. Jina lake jingine silijui mpaka leo.

"Ya baba yake hiyo," alisema, akinielekezea mimi kidevu. "Tulikuwa tunatembea nayo kwa kikapu. Huyu alikuwa mdogo, bambi, maskini, hajui."

Nilikijua kikapu. Nilikijua hata hicho kitambaa. Nusu karne nzima niliamini kwamba kilikuwa cha kufunikia mihogo.

Baba alikuwa mtunza viwanja wa chuo kimoja pale juu ya kilima cha Kyambogo. Ukoo wetu ulifika Kampala zamani na misafara ya biashara kutoka pwani, na wazee wetu wote walikuwa ama wauza nguo ama walimu wa madrasa. Kwa hiyo wajomba zangu wa Kasubi walimtania Baba bila huruma kila Iddi: mjukuu wa mashehe kashika slasha ya kufyekea majani. Baba alicheka nao na kuwaambia kwamba majani nayo yanamsabihi Mungu, ila yanahitaji kupunguzwa. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mpole na mkaidi kwa pamoja.

Nyuma ya nyumba za wafanyakazi kulikuwa na msitu wa mikalitusi, na ndani yake mwalimu mmoja wa Kizungu alikuwa ametengeneza uwanja wa mchezo ambao sijauona kwingine kokote. Unasimama juu ya jiwe bapa, unarusha sahani ya plastiki katikati ya miti, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena, mpaka iingie kwenye kikapu cha waya kilichosimikwa juu ya bomba la chuma. Anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Vikapu vilikuwa tisa, na namba zake zilipakwa chokaa kwenye vigogo. Sisi watoto tulimwita mwalimu huyo Bwana Sahani. Jeshi liliposhika serikali na wageni wakaanza kuondoka nchini, naye alifunga mizigo, akamwachia Baba sahani tatu, ya buluu, ya njano na nyekundu, akamwomba autunze uwanja mpaka atakaporudi. Baba akakubali. Ahadi kwake haikuwa mchezo, hata ilipohusu mchezo.

Baada ya hapo hakuna aliyecheza. Petroli ya mashine ya kukatia majani haikuwepo, kama ambavyo sukari na sabuni hazikuwepo, ninyi wa umri wangu mnakumbuka. Msitu ukaanza kujirudishia mali yake. Matete yaliziba njia, na ile miiba yenye maua madogo ya rangi mbili, kayukiyuki, ikapanda mpaka kwenye vikapu. Kila siku baada ya sala ya Alasiri Baba alikwenda na slasha yake, nami nyuma nimebeba reki iliyonizidi urefu. Hakufyeka tu. Alichimba mfereji kwenye kikapu cha tatu palipotuama maji, akaweka ngazi za magogo kwenye mteremko wa nne, akalihamisha jiwe la saba kutoka kwenye tope. Nilimuuliza anamtengenezea nani. Akasema, "Atakayekuja." Sikuuliza zaidi, maana nilidhani anamjua.

Alikuwa na namna yake ya kutafuta sahani iliyopotea, na hiyo lazima niieleze. Hakuruhusu mtu kukimbilia pale alipodhani imeangukia. Alisema macho ya mrushaji yanaona anachotaka. Tulianzia kikapuni na kurudi nyuma kuelekea kwenye jiwe, tumepangana mstari mmoja, kila mtu ameshika fundo lake kwenye kamba ndefu ya katani. Hatua moja, fyeka, tazama chini, hatua nyingine. Aliyeona kitu alisimama na kuinua mkono, bila kelele, kwa sababu ukipiga kelele wote wanakimbia na mstari unavunjika, na palipokanyagwa hapatafutiki tena. Sahani haikuwahi kutushinda.

Isipokuwa moja. Siku moja Baba akiwa sokoni niliichukua ile nyekundu bila ruhusa, nikasimama kwenye jiwe la saba na kuirusha kwa nguvu zangu zote. Ilipinda, ikazama kwenye kayukiyuki, na sikuiona tena. Nilitafuta mpaka mikono ikatoka damu. Nikarudi nyumbani nikanyamaza.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, gari likasimama nje. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji nikiosha sufuria, na nilisikia maneno machache tu, sauti ya mwanamume ikiuliza: "Vitu ya ule mzungu iko wapi?" Baba alikuwa ametoka kupanda migomba. Aliomba anawe mikono, wakamwambia haina haja. Akamwambia Mama, "Nitarudi kabla ya Magharibi, Inshallah," akaingia garini na udongo vidoleni. Mpaka leo nikiona mtu anasafiri bila kunawa mikono moyo unanipiga.

Mtoto wa miaka minane ana akili yake. Waliuliza vitu vya mzungu. Vitu vya mzungu vilikuwa sahani tatu. Moja haipo, na aliyeipoteza ni mimi. Baba amechukuliwa kwa ajili ya sahani yangu. Nilirudia hoja hiyo usiku na mchana, na kila mara ilisimama imara.

Mama alizunguka. Alikwenda kwa wajomba Kasubi, alikwenda kituo cha polisi, alisimama kwenye mageti ambayo watu walivuka barabara ili wasiyapitie. Kila mahali aliambiwa arudi nyumbani akapumzike. Halafu mwanamke mmoja wa nyumba za chini akamnong'oneza kwamba kuna gari lilionekana mara mbili likiingia barabara ya nyuma, ile inayopita kando ya msitu, na kwamba lilitoka likiwa jepesi kuliko lilivyoingia. Haya niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni Mama kuacha kuzunguka. Katika siku zile kumtafuta mtu aliyechukuliwa kulikuwa ni kutangaza kwamba amechukuliwa, na hilo peke yake lilitosha kukufanya umfuate.

Asubuhi moja alivaa buti za mpira za Baba, akazijaza matambara zimkae miguuni, akashika slasha. Mama yangu, aliyekuwa hapiti hata kando ya msitu kwa kuogopa siafu.

"Tunakwenda kutafuta sahani nyekundu," aliniambia. "Mtu yeyote akikuuliza, tunatafuta sahani. Umesikia, Zaina?"

Nilisikia. Kumbe anajua! Anajua ni mimi, na ameamua kutonigombeza. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na niliapa moyoni kwamba nitaipata hiyo sahani hata kama ni kwa meno.

Nnalongo alijiunga nasi. Kato, mmoja wa mapacha wake, aliyekuwa akisomea ualimu, alikuwa hajarudi nyumbani tangu wiki iliyopita. Wakaja pia wanawake wengine wawili wa nyumba za chini, ambao hawakusema wanatafuta nani na hawakuulizwa. Mama akaitoa kamba ya Baba, akawagawia mafundo. Tukaanzia kikapu cha kwanza, tukirudi nyuma kuelekea kwenye jiwe. Kwenye kikapu cha chakula kulikuwa na mihogo ya kuchemsha na chupa ya maji, juu yake kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Mihogo ilikuwa na harufu ya ajabu kidogo. Niliila hivyo hivyo.

Tulipokuwa kwenye kikapu cha pili koplo mmoja akatokea. Askari walikuwa wamehamia kwenye nyumba zilizoachwa na walimu wa kigeni, na huyu alikuwa mkubwa wao. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu.

"Nyinyi nafanya nini hapa?"

"Tunasafisha uwanja, afande," Mama alisema.

"Uwanja gani? Mimi naona miti tu."

Mama akamwonyesha kikapu, namba na jiwe. Akamwonyesha sahani ya buluu. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayelalamikia kazi za nyumbani. "Kuna moja nyekundu imepotea humu, afande. Wageni walipoondoka vitu vyao vikawa mali ya serikali. Nikirudisha vifaa vya mume wangu bila hiyo sahani, chuo wananitoa kwenye nyumba na huyu mtoto."

"Bwana yako iko wapi?"

"Amesafiri, afande."

Koplo alimtazama, kisha akaitazama sahani. "Mali ya serikali," alisema. "Sawa. Tafuta. Siku nyinyi napata, naleta mimi naona. Halafu mnatoka, na mtu asirudi tena hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Kwa kuwa alikuwa akipita kila siku kututazama, ilibidi uwanja uonekane unasafishwa kweli. Na mwanamke aliyelelewa na bibi yangu hakuwa na uwezo wa kusafisha kwa kujifanya. Kila kikapu kilipomalizika Mama alinyoosha bomba lililoinama, akang'oa mitambaazi, akapaka namba upya kwa chokaa, akafagia kuzunguka jiwe kama uani kwake. Wale wanawake walizibua mfereji wa Baba na kurudishia ngazi zilizooza. Majani makavu ya mikalitusi tuliyachoma pembeni, na moshi wake ulikata kohozi. Baada ya wiki tatu jua lilikuwa linafika chini. Ulikuwa mzuri kuliko wakati wa Baba, nami nilijivuna nikiwaza atakavyoshangaa.

Kwenye kikapu cha tano Nnalongo alisimama na kuinua mkono.

Mstari ukasimama. Mama akaja kwangu haraka, akanishika mabega na kunigeuza. "Nenda ukakae kwenye jiwe la sita. Ugeukie barabara. Soma Alhamdu mpaka nikuite, na usigeuke." Nikadhani wanataka kujisaidia. Nilisoma mpaka koo likakauka. Nyuma yangu nilisikia jembe, na mara moja nikasikia sauti fupi, kama mtu aliyejigonga, ikakatika. Waliponiita jua lilikuwa limeshapinda. Wote walikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko, na kitambaa cheupe hakikuwa kwenye kikapu cha chakula.

Nnalongo alinikalisha karibu naye. "Kato ameruka," aliniambia.

Kwao pacha hasemwi kufa, husemwa ameruka. Mimi desturi hiyo sikuijua. Nikajua Kato amevuka mpaka kwenda Kenya, kama walivyofanya vijana wengi, nikafurahi kwa sauti, nikamwomba amwambie aniletee biskuti atakaporudi.

"Kale, mwana wange," alinijibu. "Haya, nitamwambia."

Asingeweza kwenda dukani kununua lubugo, gome la kuzikia watu wa kwao, maana muuzaji angeuliza nani amekufa. Kwa hiyo Kato, Mkristo, alizikwa na shuka tatu za Mwislamu, kati ya kikapu cha tano na jiwe la sita. Ijumaa iliyofuata kikapu cha chakula kilikuwa na kitambaa cheupe tena. Nikadhani Mama amekifua. Nnalongo aliendelea kuja kila siku, na hilo nalo sikulishangaa, ingawa sasa najua kwamba yeye alikuwa ameshapata chake na alikuja kwa ajili yetu.

Kikapu cha sita hakikuwa na kitu. Tukaingia cha saba, na mimi nikaomba fundo la mwisho kabisa, upande wa kayukiyuki. Nilikuwa napiga hatua, natazama chini, napiga hatua. Nikaona wekundu.

Mafunzo yote ya Baba yalinitoka. Sikusimama, sikuinua mkono. Nilipiga kelele: "Nimeipata! Mama, nimeipata! Nimeipata!"

Kamba ikaanguka. Nilimwona Mama akija mbio katikati ya miiba, buti moja ikamvuka na hakuigeukia. Mkononi alikuwa tayari ameshika kile kitambaa cheupe. Nyuma yake Nnalongo, nyuma yake wale wawili. Mama akanifikia, akatazama chini miguuni pangu, akatazama kulia na kushoto, kisha akaiona sahani niliyoinyanyua juu ya kichwa changu.

Alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla, wala hakurudia maisha yake yote. Halafu akapiga magoti, akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikashindwa kupumua, na nikasikia kifua chake kinatetemeka.

"Leka, mwache, Mama Zaina," Nnalongo alisema, akimshika mkono. "Mtoto hana kosa. Leka."

Mama aliifuta ile sahani na kuitia ndani ya gauni lake. "Bado hatujaipata," aliniambia, uso karibu na uso. "Sikiliza vizuri. Usimwambie mtu. Hata mmoja. Bado tunaitafuta."

Nikasema ndiyo. Lakini sikuelewa, na kwa siku mbili sikuelewa. Sahani imepatikana, Baba bado amefungwa kwa ajili yake, na Mama anaificha. Mwishowe nikapata jibu, na nilijiona mwerevu. Mama anaogopa wakijua ni mimi niliyeipoteza watanichukua mimi badala ya Baba. Ananikinga. Basi kazi iliyobaki ni yangu, nami sitakuwa mwoga.

Siku ya tatu nilikuwa bombani nachota maji. Koplo akaja, anatafuna muwa, akanikatia kipande.

"Toto, sahani bado?"

Niliweka ndoo chini. Nakumbuka niliusukuma ule muwa, sikuupokea, maana niliona jambo lenyewe ni kubwa. "Tumeipata, afande. Ni mimi niliyeipoteza, si Baba. Alikuwa hajui. Mwambieni arudi, mkitaka nitakwenda mimi."

Akaacha kutafuna. "Nani naambia wewe baba nachukuliwa kwa sahani?"

"Hakuna. Najua mwenyewe."

Alitema makapi ya muwa. Alinishika mkono, tukaenda msituni pamoja. Mama na wenzake walikuwa ndiyo kwanza wamejipanga kwenye kikapu cha nane, kamba imenyooka, kila mtu na fundo lake. Mbele yao, mpaka kwenye jiwe na kulipita, majani yalikuwa juu ya vichwa vya watu, na huko ndiko iliko barabara ya nyuma.

"Mama," koplo alisema. "Toto nasema sahani iko."

Mama alinitazama. Sikuona hasira. Niliona mtu aliyechoka kwa ghafla, kama aliyepandishwa mlima mzima na kuambiwa hapa si penyewe. Akaingiza mkono ndani ya gauni, akaitoa sahani, akampa.

Koplo aliigeuza huku na huku. Kisha, sijui ni shetani gani aliyemwingia, akarudi hatua mbili na kuirusha kuelekea kwenye kikapu. Ilikwenda vizuri kidogo, ikapinda, ikapita juu ya kikapu na kuzama ndani kabisa ya yale majani ambayo hatukuwa tumeyagusa. Tulisikia inavyoteleza kwenye matawi, halafu hatukusikia kitu.

Mama alipiga hatua moja. "Afande, imepotea tena. Turuhusu tuitafute."

"Hapana."

"Ni mali ya serikali, afande. Tunahitaji siku mbili tu. Hata moja."

"Serikali iko na sahani mingi."

"Afande, nakuomba." Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akimwomba mtu. "Kwa mtoto wako kama unaye. Nusu siku."

Koplo alikitazama kikapu cha chakula na kile kitambaa cheupe juu yake. Alisogea karibu na Mama, akazungumza chini, na ni kwa sababu alikuwa bado amenishika mkono ndiyo nikasikia. "Mama. Wewe iko na mtoto. Huko usiende. Peleka mtoto nyumbani." Nimemfikiria mtu huyo mara nyingi sana, na sijaamua kama siku ile alitutisha au alituokoa.

Mama aliikunja kamba, fundo kwa fundo. Haikumchukua muda mfupi.

Jioni ile nilioga, nikavaa gauni langu la Iddi, nikakaa kwenye kizingiti nikiitazama barabara, kwa sababu sahani ilikuwa imepatikana na Baba alikuwa anakuja. Mama alinikuta hapo. Hakuniambia nikalivue. Alikaa kando yangu mpaka adhana ya Magharibi ikaadhiniwa na barabara ikabaki tupu.

"Niliwaambia ni mimi," nilisema. "Mbona haji? Nimeharibu?"

"Hujaharibu kitu," Mama alisema. "Koplo alikuwa ameshajua. Alituona siku ile ile ulipoipata. Hata usingesema, angetutoa."

"Kweli?"

"Kweli. Muulize Nnalongo."

Nilimuuliza Nnalongo kesho yake, naye akasema ndiyo, kweli, koplo alijua. Wale wengine wawili nao wakasema hivyo hivyo. Nikapumua.

Msitu ule haukudumu. Vita vilipokuja na kupita, watu waliukata kwa kuni na mkaa, na vikapu viliondoka na wauza vyuma chakavu. Mama alikwenda siku ya kwanza ilipowezekana kwenda, akarudi na kile kitambaa cheupe bado kimekunjwa. Sasa kuna hosteli za wanafunzi, na pale kilipokuwa kikapu cha nane wanaegesha pikipiki. Mama hakukaa eda. Shehe alimfuata akamweleza kwamba sheria inamruhusu, kwamba muda umeshapita wa kutosha, na Mama akamuuliza, "Nikae eda ya nani? Nimemwona?" Wanaume waliokuja kumposa aliwajibu kwamba ana mume. Mimi nilipokua nilifahamu polepole kwamba hatukuwa tukitafuta sahani, mtu hawezi kuwa mjinga maisha yote. Nilivumilia kulijua hilo, kwa sababu nilikuwa na neno lake: koplo alikuwa ameshajua.

Basi siku ile barazani, Hajati akisubiri na sanda mikononi, nilimgeukia Nnalongo. Sijui kwa nini niliuliza. Labda ni ile harufu.

"Nnalongo, yule koplo. Ni kweli alikuwa ameshajua?"

Mjukuu wake alitaka kumpa chai, yeye akamwashiria aondoke.

"Hakujua," alisema. "Mama yako alitupitia mlango kwa mlango jioni ile, anatuapisha. Mimi nikamwambia, mimi siwezi kuapa uongo kwa mtoto. Akasema, mume nimepoteza, mtoto sipotezi." Alinishika mkono kwa vidole vyake vikavu. "Nimeshika kiapo miaka hiyo yote, mwana wange. Sasa yeye amekwenda, na mimi niko njiani. Sitaki kwenda nacho. Usirie. Ulikuwa mtoto."

Nililia. Nililia kwa ajili ya yale majani ambayo hayakufyekwa, na kwa ajili ya mwanamke aliyeishi nami nyumba moja, akinipikia na kunisuka nywele, akijua ni nani aliyemfungia njia, na hakuniacha nijue hata kwa jicho. Hajati alingoja. Alikuwa mtu mzima, aliyazoea machozi ya mabarazani.

"Mwanangu, maiti hangoji," alisema hatimaye. "Tutume mtu akanunue sanda nyingine?"

"Hapana," nilisema. "Hizi shuka tatu ni zake. Kinachopungua ni nini?"

"Kanzu na mtandio."

Nikaagiza bafta mpya mita chache, nikaomba mkasi. Nilikaa chini pale barazani, Nnalongo akishika ncha moja ya kitambaa kama alivyokuwa akishika fundo la kamba, nami nikavikata vile vipande viwili kwa mkono ule ule uliorusha sahani.